Je, Wajua? Reli Nzima Ndani ya Chumba Kimoja

Je, wajua kwamba uwiano unaopendwa kuliko wote katika ujenzi wa reli za mfano ni 1:87? Mita 87 za kweli huwa mita moja mezani. SGR ya Kenya, Mombasa hadi Nairobi, ina kilomita 472. Ukiijenga kwa uwiano huo bila kuruka hata taruma moja, utahitaji kilomita 5.4. Hakuna nyumba ya kawaida yenye nafasi hiyo. Ndiyo maana wajenzi wanapoonyeshana michoro yao, swali zito huwa ni hili: umeacha nini?

Je, wajua kwamba mchoro mzuri huanza na orodha mbili? Mmarekani John Armstrong, bingwa wa kupanga njia za reli ndogo, aliwafundisha wenzake kuandika kwanza mambo yasiyobadilika: ukubwa wa chumba, mlango ulipo, fedha, muda. Kisha yale ambayo roho inayataka. Hiyo orodha ya pili ndiyo inayomtambulisha mtu. Aliyekulia bandarini ataweka gati na winchi hata kama chumba ni finyu. Mtoto wa mfanyakazi wa reli hakosi karakana na kota. Nikipewa michoro kumi, naanza kusoma hapo.

Je, wajua kwamba upana wa meza huamuliwa na mkono wako? Behewa lazima lifikiwe likianguka, kwa hiyo wengi hawavuki sentimita 75 hivi. Kona nazo hubana: nusu kipenyo cha sentimita 46, cha kawaida kabisa kwa anayeanza, ni sawa na mita 40 za kweli. Hakuna treni kubwa ya abiria inayoweza kukata kona kama hiyo. Na mlima? Kwa mwinuko wa sentimita 2 kila mita, treni inayotaka kupita juu ya nyingine, tuseme sentimita 8, itapanda mita 4 nzima. Huo ni urefu wa ukuta wa chumba.

Saa nayo huharakishwa. Kwa kuwa umbali umefupishwa, wengi huiendesha saa yao kwa kasi mara kadhaa ya ile ya kawaida, ili safari ya dakika chache ihesabiwe saa kadhaa kwenye ratiba.

Huna chumba? Mwingereza Alan Wright alibuni mpangilio wa njia tatu fupi: moja ya mabehewa matano, mbili za matatu matatu. Mabehewa ni manane. Kura huchagua matano na zamu ya kila moja, nawe uyapange kwa injini moja. Yapo mafumbo 6,720 kwenye ubao unaotosha juu ya kabati.

Je, wajua majani ya mezani husimamaje? Ubao hupakwa gundi, kisha nyuzi za milimita chache humwagwa kutoka kwenye chombo chenye umeme tuli. Umeme huzivuta zikatua wima, kila unyasi kivyake. Ukiinama jicho likawa usawa wa reli, utaapa upepo umepita.

John Allen wa Monterey, California, alikuwa mpigapicha kwa kazi yake. Katika orofa ya chini ya nyumba yake alijenga Gorre & Daphetid: milima kutoka sakafuni hadi karibu na dari, vioo vilivyofichwa ili bonde lionekane refu, majengo na mabehewa yaliyochakazwa kwa rangi yakapata kutu na masizi. Vizazi vya wajenzi vilijifunza kwake kwamba kitu kipya kinachong'aa hakiaminiki. Alifariki Januari 1973. Siku chache baadaye moto uliteketeza karibu reli yote. Tunayoijua leo tunaijua kwa picha zake, na bado inaumiza kuziangalia.

Mwanamuziki Rod Stewart alijenga mji wa Marekani wa miaka ya 1940 kwa miaka 23, akauonyesha hadharani 2019. Akiwa ziarani alikodi chumba cha ziada hotelini ili aendelee kujenga. Neil Young naye alibuni vidhibiti vya treni ili mwanawe, mwenye ulemavu wa mtindio wa ubongo, aziendeshe mwenyewe. Kwangu mimi, huo ndio ubunifu mkubwa kuliko wote katika safu hii.

Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa 2001 na mapacha Frederik na Gerrit Braun, ina zaidi ya kilomita 16 za reli: Mombasa–Nairobi yetu ya 1:87, karibu mara tatu.

Na kwetu? Ningechagua stesheni ya Voi ya zamani: njia kuu, tawi la kwenda Taveta, na injini za mvuke za daraja la 59 zilizopewa majina ya milima. Mount Gelai bado iko Makumbusho ya Reli, Nairobi. Upana wa reli hiyo ya zamani ni mita moja, hivyo kwa 1:87 tumia reli ya milimita 12. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina upana wa milimita 1,067. Jenga kwa 1:64, kama wafanyavyo baadhi ya wajenzi wa Afrika Kusini, nayo itakaa sawasawa kwenye reli ya milimita 16.5 inayouzwa karibu kila duka la treni za mfano.