Istilahi za Mzigo wa Mkimbiaji Alalaye Njiani

Miongoni mwa michezo inayodai istilahi zake katika Kiswahili ni mbio za kupita katika njia nyembamba za milimani na misituni. Tunapendekeza ziitwe mbio za vijia, kwa kuwa jina la mbio za nyika limekwisha kuzoeleka kwa mashindano mengine ambayo humalizika siku hiyohiyo. Hapa tutashughulikia tawi moja tu: safari ya kwanza ya mkimbiaji abebaye vitu vyake mgongoni na kulala njiani usiku mmoja. Jambo hili si jipya. Nchini Uingereza, mashindano ya Karrimor International Mountain Marathon yalianza mwaka 1968. Wakimbiaji wawili wawili walikwenda milimani kwa siku mbili, wakibeba hema, jiko na chakula chao wenyewe.

Neno la kwanza linalohitaji uangalifu ni mzigo. Wataalamu wa safari nyepesi huugawa mzigo sehemu mbili: vitu vinavyopungua kwa kutumiwa, yaani chakula, maji na mafuta ya jiko, na vitu visivyopungua. Kwa sehemu ya kwanza hatuna haja ya kubuni neno, kwani Kiswahili kina masurufu, yaani mahitaji ya njiani. Sehemu ya pili tunapendekeza iitwe uzito wa msingi.

Tofauti hii si ya urembo. Huko Marekani, kipimo kinachotajwa sana cha safari nyepesi kabisa ni uzito wa msingi usiofika kilo 4.5. Tuseme mkimbiaji ana uzito wa msingi wa kilo 4.2, chakula kilo 0.8 na maji lita 1.5. Jumla ni kilo 6.5, naye yumo ndani ya kipimo. Lakini mfasiri akiandika kwamba “mzigo usizidi kilo 4.5”, msomaji mgeni atalazimika kupunguza kilo 2. Atapunguza nini? Aghalabu ataacha mfuko wa kulalia, koti au maji.

Pili ni koti. Koti la upepo ni la kitambaa chepesi. Huzuia upepo na manyunyu, bali mvua kubwa hulipenya. Koti la mvua halipitishi maji, na mishono yake imezibwa. Orodha inayoyaita yote mawili “koti jepesi” ni ya hatari. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila tupandapo mita 1,000. Aliyeacha nyuzi 20 bondeni atakuta nyuzi 8 mita 2,000 juu yake. Mtu aliyelowa jasho na mvua, kisha akasimama katika upepo, hupoteza joto upesi. Na joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, maisha yake yamo hatarini.

Tatu ni kigodoro, yaani kipande cha sponji isiyofyonza maji. Wengi hukidhania kuwa cha starehe, wakakiacha. Ukweli ni kwamba mfuko wa kulalia hutunza joto kwa hewa iliyomo ndani ya ujazo wake. Upande uliolaliwa hubanwa, hewa ikatoka, na ardhi ikanyonya joto la mwili. Basi kigodoro kiorodheshwe pamoja na vifaa vya joto, wala si vya starehe.

Kwa hiyo mfasiri wa orodha kama hizi hana budi kuuliza maswali mawili kabla ya kuchagua neno: Je, kitu hiki hupungua njiani? Na kikikosekana usiku, nini kitatokea? Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tuandikao mezani hatuubebi mzigo huo. Lakini atakayeubeba atautegemea usahihi wa maneno yetu.