Atokaye Baharini Asiharakie Mlima

Wazee wa Kimeru husimulia kwamba asili yao ni pwani. Husema kuwa wahenga wao walikaa katika kisiwa walichokiita Mbwaa, chini ya watu wenye mabavu waliojulikana kama Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Walipochoka na dhuluma waliondoka wakiongozwa na Koomenjoe, ambaye aliyapiga maji kwa fimbo yake, maji yakatengana, watu wakapita. Waliovuka usiku waliitwa weusi, waliovuka alfajiri wakaitwa wekundu, na waliovuka jua limekwisha kuchomoza wakaitwa weupe. Koo za Kimeru zimetajwa kwa rangi hizo tatu tangu zamani.

Bila shaka msomaji amekwisha kumkumbuka Nabii Musa, na si yeye peke yake. Wengi walioandika habari za Wameru wameuona mfanano huo. Wengine wamekitafuta kisiwa chenyewe katika visiwa vya Lamu, na Jeffrey Fadiman, Mmarekani aliyewahoji wazee wengi wa Kimeru, alielekea kudhani kuwa ni Manda. Yote hayo tuwaachie wanahistoria. Linalotuhusu leo ni kwamba katika masimulizi hayo mtu alijulikana kwa saa aliyotoka majini.

Safari ile, kwa masimulizi yao, ilichukua vizazi. Leo kijana wa Mombasa anayesoma Chuo Kikuu cha Embu, mwalimu wa Malindi aliyepelekwa kufundisha Meru, na mfanyabiashara wa miraa wa Maua mwenye duka Kisauni, wote huimaliza kwa usiku mmoja na asubuhi yake. Baadhi yao, wakiwa likizoni, huvaa mitungi ya hewa na kuzamia Shimoni, Diani au Watamu. Kwa watu hao saa ya kutoka majini imekuwa tena jambo kubwa, maana anayeibuka baharini na kukimbilia nyanda za juu aweza kujitia katika maradhi mabaya. Ndiyo sababu tumeonelea tuzungumze juu ya saa za mkononi za kisasa ambazo pia ni kompyuta za kuzamia, na jinsi ya kuichagua iliyo bora.

SAA ISIYOINGIA MAJI SI SAA YA KUZAMIA

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kusoma nyuma ya saa maneno "meta 50" na kudhani kwamba wanaweza kushuka nayo meta 50. Sivyo. Alama ile ina maana kuwa saa ya namna hiyo imepimwa kwa shinikizo la kiasi hicho, maji yakiwa yametulia. Inafaa kuogelea, kutawadha na kunyeshewa mvua. Haimwambii mzamiaji lolote juu ya mwili wake.

Kompyuta ya kuzamia ina kazi nyingine. Hupima kina na muda, kisha kila baada ya nukta chache hukadiria ni kiasi gani cha gesi ya naitrojeni kimeingia mwilini. Hewa tunayovuta ina naitrojeni karibu sehemu 78 katika 100. Kila tushukapo meta 10 baharini shinikizo huongezeka kwa kiasi cha hewa yote iliyo juu ya uso wa bahari, hivyo aliye meta 40 chini yumo katika shinikizo mara tano ya lile la ufukweni. Naitrojeni hupenya katika damu, mafuta na maungo. Mtu akipanda polepole, hutoka kwa njia ya mapafu. Akipanda kwa pupa, hufanya mapovu mwilini, mfano wa chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Matokeo yake ni maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, kupooza, na pengine mauti.

Mskoti John Scott Haldane ndiye aliyetoa majedwali ya kwanza yaliyotegemewa, mwaka 1908, baada ya kufanya majaribio kwa mbuzi. Kwa miaka mingi wazamiaji walishuka na majedwali yaliyoandikwa na saa ya kawaida. Mwaka 1983 ikaingia sokoni kompyuta iliyoitwa Edge, ya kampuni ya Orca, iliyokuwa kama tofali dogo. Kazi ile ile sasa hufanywa na chombo kinachokaa mkononi, ambacho pia hupokea ujumbe wa simu, huhesabu mapigo ya moyo na kuonyesha njia.

HESABU ILIYOTOKA MILIMANI

Wengi hawajui kwamba hesabu inayotumika katika nyingi ya saa hizi ilitengenezwa na mtu wa nchi isiyo na bahari. Daktari Albert Bühlmann wa Zurich, Uswisi, alishughulikia hasa tatizo la wazamiaji wa maziwa ya milimani, ambako hewa ni nyepesi. Kitabu chake cha mwaka 1983 kilitoa kanuni ambazo watengenezaji wa kompyuta walizichukua, na hadi leo jina lake limo katika maelezo ya Garmin, Shearwater na wengineo.

Hapo ndipo Meru na Embu zinapoingia. Mji wa Embu uko kiasi cha meta 1,350 juu ya usawa wa bahari, na Meru kiasi cha meta 1,500. Nairobi, ambayo wasafiri wengi wa kutoka Mombasa hupitia, ni ya juu zaidi, karibu meta 1,800. Barabara ya Meru kwenda Nanyuki, kwa upande wa Timau, hupita juu ya meta 2,000. Na kama mtu ana nia ya kupanda Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimara, kilele cha Lenana kina meta 4,985 na Batian meta 5,199. Kule juu shinikizo la hewa ni kidogo tu zaidi ya nusu ya lile la Mombasa.

Kwa hiyo kupanda basi la kwenda Meru ni sawa na kuendelea kuibuka baada ya kuwa umekwisha toka majini. Mwili uliobaki na naitrojeni, ukisogezwa penye hewa nyepesi, waweza kufanya mapovu ambayo usingeyafanya kama ungelala Likoni.

Shirika la DAN, linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, limetoa mwongozo kwa wanaotaka kupanda ndege. Aliyezamia mara moja, bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kuibuka, angoje angalau saa 12. Aliyezamia mara kadhaa kwa siku, au siku nyingi mfululizo, angoje angalau saa 18. Aliyelazimika kusimama angoje zaidi sana ya hapo. Mwongozo huo unahusu shinikizo la ndani ya ndege lililo sawa na mwinuko wa kati ya meta 600 na meta 2,400. Embu, Meru na Nairobi zote zimo katika kipimo hicho. Hivyo anayepanda basi na anayepanda ndege hesabu yao ni moja. Kwa vilele vya Mlima Kenya mwongozo huo hautoshi, na mtu aongeze siku.

Tuchukue mfano. Kijana amezamia mara mbili Jumamosi huko Diani, na ameibuka mara ya mwisho saa nane mchana. Ukihesabu saa 18 utafika saa mbili asubuhi ya Jumapili. Basi la usiku lingeondoka Mombasa saa tatu usiku, akiwa amepumzika saa saba tu, na alfajiri lingemfikisha Nairobi. Kijana huyo alale pwani, apande basi la Jumapili mchana. Darasa la Jumatatu asubuhi likimpita, na limpite; au azamie Ijumaa.

MAMBO YA KUTAZAMA DUKANI

Sasa tuje kwenye kuchagua. Jambo la kwanza kwa msafiri wa bara ni kuangalia kama saa inaonyesha muda wa kungoja kabla ya kuruka kwa ndege. Nyingi zinaonyesha, lakini hazihesabu kwa njia moja. Zipo zinazokadiria kulingana na mizamio yako, na zipo zinazoweka saa 24 kwa kila mtu bila kubagua. Hii ya pili huwaudhi wenye haraka, nasi twaiona kuwa na busara. Kumbuka tu kwamba saa itaandika "ndege", nawe usome "Nairobi" na "Meru".

La pili ni kama inajirekebisha kwa mwinuko. Jambo hili linamhusu anayezamia kwenye maji ya bara. Embu imepakana na mabwawa ya Mto Tana: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Maji yake ndiyo yanayoteremka hadi Kipini. Hayo ni mabwawa ya umeme, yana mamba na viboko, wala si mahali pa kujifurahisha. Lakini wapo wazamiaji wanaoitwa kwa kazi ya ukarabati au kutafuta waliozama. Mzamiaji wa pwani akifika huko asidhani kuwa meta 20 za Masinga ni sawa na meta 20 za Watamu. Hewa iliyo juu ya maji ni nyepesi, na muda unaoruhusiwa chini hupungua. Kisha maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi kwa karibu sehemu 3 katika 100, kwa hiyo saa nzuri humpa mwenyewe nafasi ya kuchagua aina ya maji.

La tatu ni vitufe. Skrini ya kugusa haitegemeki chini ya maji, basi hakikisha kwamba kila jambo la lazima laweza kufanywa kwa kitufe, hata ukiwa umevaa glavu.

La nne ni betri na malipo. Apple Watch Ultra, iliyotoka mwaka 2022 kwa dola 799 huko Marekani, ilitangazwa kudumu saa 36 kwa matumizi ya kawaida. Yafaa kuzamia kwa burudani hadi meta 40, lakini ili iwe kompyuta kamili ya kuzamia yataka programu ya kutiwa ndani, na nyingine za programu hizo hulipiwa ada. Garmin Descent, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2017, imeundwa tangu mwanzo kwa ajili ya wazamiaji. Suunto ya Ufini nayo ilitoa saa ya namna hiyo, Suunto Ocean, mwaka 2024. Mwenye mfuko mwembamba asione haya kununua kompyuta sahili kama Cressi Leonardo au Mares Puck. Haitapokea simu, lakini chini ya maji itamfanyia hesabu anayoihitaji.

La tano, nalo husahauliwa sana: kompyuta ya kuzamia haiazimwi. Huhifadhi kumbukumbu ya mwili wa aliyeivaa. Ukimpa ndugu yako baada ya mzamio wa asubuhi, yeye atahesabiwa naitrojeni isiyo yake, nawe alasiri utashuka na nyingine isiyokujua. Mtumai cha ndugu hufa maskini, na katika jambo hili aweza kufa kweli.

SAA NA SWALA

Wasomaji wetu wengi watataka saa hiyo iwaonyeshe pia nyakati za swala, na hapa pana faida ambayo si ndogo. Meru iko magharibi ya Mombasa kwa digrii mbili za ardhi, hivyo kwa wastani jua hutua huko kama dakika nane baadaye. Na kwa kuwa Meru iko karibu kabisa na ikweta, ilhali Mombasa iko kusini yake, tofauti hiyo hubadilika kwa majira: mwezi wa Juni hufika kama robo saa, na Desemba karibu hutoweka. Mwenye kufunga akiwa Meru kwa ratiba ya Mombasa aweza kufuturu kabla ya magharibi kuingia. Saa yenye kupokea setilaiti, ikiwa na programu nzuri, hujirekebisha kila unapohama. Hakikisha tu kwamba umeiruhusu kujua mahali ulipo. Ukitawadha, ulegeze ukanda ili maji yafike kwenye ngozi, maana saa hizi hubana mkono ili zipate mapigo ya moyo.

SAA HAIMVUTI MTU

Mwisho tuseme kwamba hakuna saa inayomwokoa asiyetaka kusikia. Anayeanza ajifunze kwanza kwa mwalimu mwenye cheti, azamie na mwenzake, na ajue majedwali, kwani betri yaweza kufa. Akipata ganzi au maumivu ya viungo baada ya kuzamia, hata akiwa amekwisha fika Embu, amwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa baharini, na lini. Daktari wa bara aweza kudhani ni uchovu wa safari. Tiba yake ni hewa ya oksijeni na kisha chumba cha shinikizo, na vyumba hivyo ni vichache sana Afrika Mashariki. Kungoja ufukweni kwa usiku mmoja ni rahisi kuliko kukitafuta.

Wahenga wa Kimeru walihesabiana kwa usiku, alfajiri na mchana, wakajua nani alitoka majini lini. Nawe, msomaji, ukitaka kupanda Kirimara au kurudi kazini Embu, itazame saa yako kabla ya kukata tiketi.