Mwezi na Sala ya Mkristo

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipokea barua ya mama mmoja anayeishi kando ya Ziwa Viktoria. Jina lake sitalitaja. Mama huyu ana mazoea ya kutoka nje kila mwezi unapoandama, kupiga ishara ya msalaba na kumshukuru Mungu kwa mwezi uliokwisha. Sasa amekemewa mbele ya wanajumuiya wenzake kwamba huo ni ushirikina, na tangu siku hiyo hajahudhuria jumuiya. Anauliza: je, nimetenda dhambi?

Swali hili si dogo, kwa sababu limemtoa mtu katika kundi lake. Na aliyemkemea hakusema jambo la kubuni. Kumbukumbu la Torati, sura ya 4, inakataza waziwazi kulisujudia jua, mwezi na nyota. Ayubu naye, katika sura ya 31, anajitetea kuwa hakuwahi kuubusia mwezi mkono wake. Hapo hakuna ubishi. Lakini katazo hilo ni la kuuabudu mwezi. Kuuona mwezi na kumkumbuka aliyeuumba ni jambo jingine, na Waisraeli hao hao waliokatazwa kuusujudia waliamriwa kupiga baragumu unapoandama, kama Zaburi ya 81 inavyokumbusha. Nabii Amosi anawakaripia wafanyabiashara waliokuwa wakinung'unika sikukuu ya mwandamo ikwishe upesi, wapate kuuza nafaka kwa mizani ya udanganyifu. Naona wafanyabiashara hao hawajatuhama hata leo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo Wakristo wengi hulipita bila kulitazama. Krismasi ina tarehe yake, Desemba 25, haibanduki. Pasaka, sikukuu iliyo kubwa kuliko zote, haina tarehe. Mwaka 2024 iliangukia Machi 31, na mwaka 2025 ikawa Aprili 20. Nani anayeisogeza? Ni mwezi.

Bwana Yesu aliteswa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, na Pasaka hiyo huangukia katikati ya mwezi wao, yaani mwezi ukiwa mpevu. Maaskofu walipokutana Nikea mwaka 325 walitaka Wakristo wote waiadhimishe siku moja, tena Jumapili. Kanuni iliyotulia baada ya hapo ni hii: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza ulioangukia Machi 21 au baada yake. Kwa hiyo haiwezi kuwa kabla ya Machi 22 wala kupita Aprili 25. Nayo huvuta vingine vyote: Jumatano ya Majivu, Ijumaa Kuu, Kupaa, Pentekoste.

Niongeze kwamba Kanisa halichungulii dirishani kuutazama mwezi huo, bali huusoma katika majedwali yaliyopigiwa hesabu zamani. Miandamo kumi na miwili hufanya siku 354, yaani pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, na ndiyo sababu Pasaka hurudi nyuma kisha ikaruka mbele. Wakristo wa Ethiopia, wanaofuata hesabu ya kale zaidi, mwaka 2024 waliadhimisha Mei 5. Mwaka uliofuata hesabu zote mbili zikakutana Aprili 20.

Kutokana na kanuni hiyo, kama mbingu hazina mawingu, alfajiri ya Pasaka haikosi mwezi. Huwa umepevuka siku chache tu zilizopita, kwa hiyo kabla ya mapambazuko bado uko juu. Wale wanawake walioliendea kaburi mapema ile Jumapili ya kwanza walikuwa na mwezi mkubwa upande wa magharibi, na jua lilikuwa halijachomoza.

Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, alilifananisha Kanisa na mwezi: halina nuru yake lenyewe, hung'aa kwa nuru ya Kristo, na hata likionekana kupungua haliishi. Mimi mfano huo niliufahamu kabla ya kumsikia Ambrosi.

Marehemu baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na wakati ule zilikuwa karabai. Taa huwavuta gizani. Mwezi ukipevuka, ziwa zima huwa jeupe, taa ikakosa nguvu, na wavuvi hupandisha mitumbwi ufukoni wakashona nyavu. Sisi watoto, basi, tulikuwa na baba kwa mwezi. Siku za mbalamwezi alilala nyumbani, akaongoza rozari uani, tena ndefu, mpaka tukasinzia. Mbalamwezi ilipokwisha alirudi majini, na mama alisali peke yake. Sala ya siku za giza ilikuwa fupi, na ombi lake lilikuwa moja.

Usiku mmoja wa giza upepo ulianza kuvuma saa nane. Mtumbwi wa baba haukurudi mpaka saa sita mchana. Mama hakulia wala hakusema neno. Alikuwa ameishika ile rozari tangu upepo ulipoanza, na vidole vilikuwa vimekakamaa hata ikabidi dada amsaidie kuiachia. Wala siku hizo za giza hakuzichukia. Ndizo zilizotulipia ada ya shule.

Kwa hiyo, mama uliyeniandikia, jibu langu ni kwamba hukutenda dhambi. Kama ungekuwa unauomba mwezi wenyewe mvua au mtoto, ningesimama upande wa aliyekukemea. Lakini wewe unamshukuru Mungu, na mtume Paulo aliwaandikia Wakolosai, sura ya 2, kwamba mtu asiwahukumu kwa habari ya mwandamo wa mwezi. Hakumlazimisha mtu kuushika, na hakumruhusu mtu kumhukumu mwenzake. Rudi jumuiya, mama. Na huyo ndugu aliyekusema, muulize kwa heshima zote Pasaka ijayo ni tarehe ngapi, na tarehe hiyo imepatikanaje.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, kwaheri.