Usiuze kiungo chote kununua straika mmoja: Hesabu ya lenzi nyuma ya goli

MPIRA umetoka winga ya kulia, krosi imeshuka, straika kamruka beki na nyavu zimetikisika. Wewe uliyeko jukwaani pale Uwanja wa Benjamin Mkapa unamkumbatia hata mtu usiyemjua. Lakini nyuma ya lile goli kuna watu waliovaa vizibao ambao hawashangilii. Wameinamisha vichwa, wanatazama skrini ndogo ya kamera, kila mmoja anatafuta jibu la swali lilelile: nimeipata au sijaipata?

Katika dabi moja ya usiku nilikuwa nimechuchumaa karibu na kaka yangu wa kazi, mpigapicha wa kujitegemea ambaye analipwa kwa picha inayotumika. Picha isipotumika, hakuna hela, hata kama umekaa uwanjani saa nne. Aliipata. Mpira umo, straika yumo, kipa yumo hewani. Ila ukiikuza, picha imejaa chengachenga kama televisheni ya antena siku ya mvua.

"Mdogo wangu, hii wataiweka ndogo kama stempu," akaniambia, akacheka bila raha.

Kamera yake ina sensa ndogo, na mechi nyingi kubwa siku hizi zinapigwa jioni na usiku. Amekusanya mkwanja wa bodi moja ya fulufremu, yaani kamera yenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24, ukubwa uleule wa fremu ya filamu ya zamani. Hela ya bodi ipo. Hela ya lenzi mpya hakuna. Na hapo ndipo usajili wake ulipogeuka ishu nzito kuliko usajili wa dirisha dogo.

TIMU TATU, LIGI MOJA
Agosti 2025, CHAN ilipochezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda, ukitazama pembeni mwa uwanja uliona wazi upepo umeelekea wapi. Kamera za wapigapicha zimehama kutoka zile zenye kioo ndani, kinachoruka juu kila picha inapopigwa, kwenda kwenye zile zisizo na kioo.

Sony walitangulia upande wa fulufremu, wakaitoa A7 mwaka 2013, kisha mwaka 2017 wakaleta a9 iliyopiga fremu 20 kwa sekunde bila sauti. Canon na Nikon walichelewa, wakaingia kwa kishindo mwaka 2018: Canon na EOS R, Nikon na Z6 na Z7. Leo kila timu ina nyota wake. Nikon wana Z9 ya mwaka 2021, ambayo haina kabisa shata ya kufunguka na kufunga. Canon wana R3 na R1. Sony wana a9 III, inayosoma sensa nzima kwa mpigo mmoja na kufikisha fremu 120 kwa sekunde.

Bei za hao nyota ni za nyota kweli. Zilipotoka, a9 III ilikuwa karibu dola 6,000 na R1 ilizidi hapo. Kwa shilingi yetu hiyo ni zaidi ya milioni 14, bodi tupu, bila lenzi. Kwa mpigapicha wa kujitegemea wa Dar es Salaam, hiyo ni hadithi ya Ulaya. Wengi wanaangalia daraja la kati kama Canon R6 Mark II, Nikon Z6III au Sony A7 IV, ama a9 ya kwanza ya mtumba.

Ukiwakuta wapigapicha wanabishana hapo, utadhani ni mashabiki wa Simba na Yanga. Kila mmoja na jezi yake. Lakini kaka yangu ana swali ambalo ushabiki haulijibu: lenzi zake mbili za Canon za aina ya EF, 70-200 na 300, zitacheza wapi?

ADAPTA INAFANYA NINI?
Hapa nilihitaji shule kidogo, na nikaipata pale pale nyuma ya goli.

Lenzi hukaa umbali maalumu kutoka kwenye sensa. Kwenye kamera za zamani za Canon umbali huo ni milimita 44, kwa Nikon ni 46.5, kwa sababu kioo cha ndani kilihitaji nafasi ya kuruka. Kioo kilipoondolewa, mdomo wa kamera ukasogea karibu na sensa: Canon mpya ni milimita 20, Sony 18 na Nikon 16.

Kwa hiyo ukitaka kufunga lenzi ya EF kwenye Canon mpya, unapungukiwa milimita 24. Adapta inaziba pengo hilo. Ni kipande cha bomba chenye vituo vya umeme vya kupitisha mawasiliano kati ya lenzi na kamera. Ndani hakina kipande chochote cha lenzi, hivyo picha haiharibiki kwa kupita humo. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi mpya ya RF hauwezi kuirudisha kwenye kamera ya zamani, maana hakuna adapta inayoweza kupunguza umbali.

Ila kufunga ni jambo moja na kukimbia na mchezo ni jambo jingine. Picha ya mpira inategemea lenzi kulenga haraka mchezaji anayekuja mbio, na hapo timu tatu zinatofautiana.

Mwenye lenzi za EF akibaki Canon anapata maisha rahisi. Adapta ya kawaida ilitoka kwa dola 100 hivi, na lenzi inalenga kama ya nyumbani, mara nyingi vizuri kuliko kwenye kamera yake ya zamani, kwa kuwa kamera mpya inatambua uso na jicho la mchezaji. Tahadhari ni kwamba baadhi ya lenzi kongwe hazifikii kasi ya juu kabisa ya fremu.

Mwenye lenzi za Nikon akibaki Nikon anatumia adapta iitwayo FTZ. Lenzi za AF-S, zenye mota yake ndani, zinafanya kazi vizuri. Mtego upo kwa wenye lenzi za AF-D, kama ile 80-200 ya tundu 2.8 ambayo wakongwe wengi wanaipenda. Hizo huzungushwa na mota iliyoko kwenye bodi, na FTZ haina mota hiyo. Zitafunga, zitapima mwanga, ila utazungusha kwa mkono. Jaribu kumlenga winga anayechomoka kwa mkono uone.

Mwenye lenzi za EF anayehamia Sony anahitaji adapta ya kampuni nyingine. Zipo, na kwa picha ya mkutano wa waandishi zinatosha sana. Kwa mchezaji anayekimbia hazina uhakika wa lenzi asilia, na kasi inashuka: hata a9 ya fremu 20, ukiifunga lenzi isiyo ya Sony, haizidi 15.

SENSA KUBWA, GOLI LA MBALI
Kuna jambo la pili ambalo wengi wanaligundua wakishalipa. Sensa ndogo ya Canon hukata pembeni mwa picha, ikawa kama lenzi imerefuka mara 1.6. Ile 70-200 ya kaka yangu kwenye kamera yake ya sasa inaona kama 112-320. Akiifunga kwenye fulufremu, inarudi kuwa 70-200 ya kweli. Uwanja una mita 105, na pale Mkapa kuna njia ya riadha inayokusogeza nyuma zaidi. Goli likifungwa upande wa pili, straika anakuwa mdogo kama kisoda.

Sasa anapata nini? Sensa ya fulufremu ina eneo zaidi ya mara mbili ya ile ndogo, kwa hiyo inakusanya mwanga mwingi zaidi. Usiku, ukitaka kugandisha mchezaji kwa sekunde moja ya elfu moja na lenzi ya tundu 2.8, ISO inaweza kufika 6400. Hapo ndipo chengachenga za sensa ndogo zinapoanza fujo na fulufremu inapotulia.

Njia za kurudisha urefu zipo mbili. Ya kwanza ni kirefushi cha 1.4, kinachoifanya 200 kuwa 280, ila kinakula nusu ya mwanga, na mwanga ndio uliokuleta kwenye fulufremu. Ya pili ni kukata picha baadaye. Fulufremu ya megapikseli 24 ukiikata kwa 1.6 unabaki na 9 hivi, na kwa gazeti au simu ya shabiki zinatosha. Kaka yangu ana 300 pia, hivyo goli la mbali analo. Asiye nayo apige hesabu kabla hajalipa.

ALIYEUZA KIKOSI KIZIMA
Kuna jamaa yetu mwingine, kijana mwenzangu, aliyeona kamera za wageni akapagawa. Akauza bodi zake mbili na lenzi zote kwa bei ya kutupa, akaongeza mkopo, akanunua bodi kali ya kampuni nyingine. Hela ikaishia hapo. Akabaki na lenzi moja ya kawaida, ya kupigia harusi.

Bodi ile haina kosa lolote, ni moto kweli. Lakini kwa miezi miwili alikuwa anapiga mikutano ya waandishi na makocha wakiwa benchi. Magoli aliyaona kwa macho kama wewe. Aliuza kiungo chote na mabeki akanunua straika mmoja, halafu hakuna wa kumpasia. Lenzi ndefu mpya kama Canon RF 400 ya tundu 2.8 ilitoka kwa dola 12,000 hivi, kwa hiyo usidhani utaijazia taratibu mwezi ujao.

Wakubwa wanaweza kuhama. Mwaka 2020 shirika la habari la AP la Marekani lilitangaza kuhamia Sony kwa wapigapicha na wapiga video wake duniani kote. Hiyo ni taasisi, inabadilisha bodi na lenzi kwa mkupuo. Wewe unayenunua kwa hela ya picha moja moja huna kocha wa kukusajilia kikosi kipya.

Sisemi mtu asihame. Kijana anayeanza leo, hana lenzi hata moja, yuko huru kuchagua jezi yoyote, na Sony wana faida ya soko kubwa la lenzi za kampuni nyingine zilizotengenezwa moja kwa moja kwa mdomo wao. Mwenye zile AF-D za Nikon naye hafungwi sana na za zamani. Ila mwenye lenzi nzuri zenye mota, jibu lake liko begani kwake tayari.

JARIBIO LA BODABODA
Kaka yangu alinifundisha namna ya kupima bodi ya mtumba kabla ya kutoa hela. Kwanza, uliza shata imepiga mara ngapi, maana shata nayo ina umri kama goti la beki mkongwe. Pili, mulika tochi ndani ya lenzi utafute ukungu, kwa sababu unyevu wa Pwani unaotesha ukungu kwenye lenzi iliyofungiwa kabatini. Tatu, funga lenzi yako mwenyewe kwa adapta utakayotumia, toka nje, simama pembeni mwa barabara na piga mfululizo bodaboda inayokuja upande wako. Kati ya fremu 20, hesabu ngapi zina uso uliotulia. Ukimaliza, piga moja kwa shata ya umeme chini ya taa. Mistari ikitokea, ujue hata mbao za matangazo za LED uwanjani zitakuja na mistari, na utahitaji shata ya kawaida.

Alifanya hivyo vyote mbele ya muuzaji Kariakoo, jua kali, watu wakitushangaa. Bodaboda ya kwanza zilitulia 11. Akabadilisha mpangilio wa kulenga, bodaboda ya pili zikatulia 17. Hapo ndipo akatoa hela: R6 Mark II ya mtumba na adapta. Lenzi ni zilezile, 70-200 imechubuka rangi mdomoni na 300 ina plasta ya kuzuia kifuniko kisidondoke. Waswahili walishasema usiache mbachao kwa msala upitao.

Mechi ya usiku iliyofuata alikaa palepale. Goli lilipoingia nilimwangalia yeye badala ya mpira. Akainamisha kichwa, akatazama skrini, akakuza picha, akakuza tena. Kisha akanigeuzia kamera bila kusema neno. Jasho la straika lilionekana tone kwa tone.

Asubuhi gazeti lilipotoka, picha ilikuwa imeanzia kona hadi kona. Yule kijana mwenzetu alimpigia simu kumpongeza, na kabla hajakata akauliza kama ile 300 inaazimwa Jumapili. Kaka akamwambia aje, na aje na adapta yake.