Mgeni katika Maji ya Ziwa Edward

Neno "mgeni", litajwapo pamoja na "hifadhi", aghalabu humkumbusha msomaji mtalii wa Ulaya anayezamia penye matumbawe ya Mafia, ambako Hifadhi ya Bahari ilianzishwa mwaka 1995. Kwa watu wa Butembo na Beni hali ni nyingine. Maji yao yaliyohifadhiwa ni Ziwa Edward, ambalo sehemu yake ya Kongo imo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Na mgeni tunayemjadili ni mchuuzi ashukaye Kyavinyonge kutafuta samaki.

Kiboko hula majani nchi kavu usiku, kisha mchana hutoa samadi majini. Samadi hiyo hurutubisha mwani, nao ni chakula cha tilapia. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walizidi 20,000. Kufikia mwaka 2005, baada ya vita na ujangili, walisalia chini ya 1,000. Kwa hiyo anunuaye nyama ya kiboko hupunguza samaki wa kesho. Anunuaye samaki wachanga, naye huzipatia soko nyavu za matundu madogo. (Kumkaribia kiboko kwa mtumbwi ni hatari tupu, hilo halihitaji maelezo.)

Hoja ya kwamba umaskini hauchagui ina uzito, ila yamhusu mwenye kununua fungu moja, si apakiaye gari zima.