Rutshuru: Mwathirika wa vita asiye na karatasi ataombaje fidia?

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Kiwanja, katika wilaya ya Rutshuru. Mume wake aliuawa Novemba 2008, siku wapiganaji wa CNDP walipowafukuza Mai-Mai mjini. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watu wapatao 150 waliuawa. Karte zao zilipotea, na tangu hapo mama amekimbia vita mara nyingine. Leo akiulizwa, "Mama, uko na karatasi gani?", atajibu nini?

Swali hilo ndilo kazi ya kila siku ya wanaotayarisha dosye za waathirika: mawakili, wasaidizi wao na maajenti wa mifuko ya fidia. Kwenye fishe wanaandika nani aliumizwa, wapi, lini, na alipoteza nini. Kisha wanalinganisha: je, tarehe inapatana na siku ya shambulio? Je, jina liliandikwa mara mbili? Pasipo karatasi, ushuhuda wa jirani au atestasyo ya chefu wa kijiji unaweza kusaidia.

Mfano wa karibu uko Ituri. Kijiji cha Bogoro kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Katika kesi ya Germain Katanga, majaji wa CPI kule La Haye walichunguza maombi 341, moja kwa moja. Tarehe 24 Machi 2017 walikubali watu 297. Kila mmoja alipewa dola 250 za ishara, pamoja na msaada wa pamoja wa makao, masomo, kazi za kuleta kipato na matunzo ya kisaikolojia. Kutoka shambulio hadi uamuzi huo ilipita miaka 14.

Nchini Kongo, sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 inatambua haki ya fidia kwa waathirika wa ubakaji wa vita na wa uhalifu mkubwa. Mfuko wa taifa, FONAREV, ndio umepewa kazi hiyo.

Lakini Rutshuru kuna kizuizi kingine. M23 iliteka Rutshuru-centre na Kiwanja mwishoni mwa Oktoba 2022, kisha Goma Januari 2025. Orodha ya majina ikianguka katika mikono mibaya, inaweza kuwarudishia watu hatari ileile waliyoikimbia. Ndiyo maana siri ni sheria ya kwanza ya kazi hii.

Sheria ya pili ni kutoahidi feza. Fishe si cheki, na anayemwomba mwathirika malipo ili amwandikishe anapaswa kukataliwa.

Wakati wa kungoja, jamaa inaweza kuandika mambo yake ingali inakumbuka: tarehe, mahali, majina ya waliokufa na ya walioona. Karatasi hiyo ihifadhiwe mahali salama, maana wazee walioshuhudia hawatakuwepo siku zote.