Mkanda wa jeshi: kinga ya milioni moja au vidonge 140?

Katika mkoa wa Lindi fedha ina msimu wake. Ufuta huingia sokoni katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na korosho hufunga hesabu kuanzia Oktoba. Kwa wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, ambao pamoja na wenzao wa Liwale huuza mazao yao kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, hiyo ndiyo miezi ya kulipa madeni, ada za shule na mabati. Kwa wenye maduka, mashine na magari ya mizigo, ndiyo miezi ya kurudisha mtaji. Maradhi hayangoji msimu, na yapo yanayomlenga hasa mtu wa makamo aliyekwisha kujenga biashara yake.

Mkanda wa jeshi ni mojawapo. Aliyewahi kuugua tetekuwanga utotoni hubaki na virusi vyake vimejificha kwenye mishipa ya fahamu. Umri ukisogea, au kinga ya mwili ikipungua kwa sababu nyingine, virusi huamka. Maumivu makali ya kuunguza hutangulia, kisha malengelenge hujipanga upande mmoja wa kifua, mgongo au uso. Nchini Marekani inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya watatu huupata katika maisha yake, na wengi wao ni wenye miaka zaidi ya 50. Upele huchukua wiki mbili hadi nne kupona. Kwa baadhi ya wagonjwa maumivu hubaki miezi, hata miaka, baada ya ngozi kupona.

Mfanyabiashara atafsiri hayo katika lugha ya hesabu. Mnunuzi wa ufuta anayelala wiki tatu mwezi Juni amepoteza sehemu kubwa ya msimu. Mkulima anayeugua mwezi Machi, ghala likiwa tupu, yuko katika hatari zaidi: ndipo anapotokea mtu wa kangomba na fedha mkononi, akitaka korosho ambazo bado hazijaanguka mtini, kwa bei anayoitaka yeye. Biashara hiyo imepigwa marufuku, lakini huota pale penye shida ya haraka, na ugonjwa ni shida ya haraka kuliko zote.

BEI YA CHANJO

Chanjo ipo. Ya kwanza, Zostavax, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Ilipunguza ugonjwa kwa karibu nusu tu miongoni mwa wenye miaka 60 na zaidi, na mwaka 2020 iliacha kuuzwa nchini humo. Iliyochukua nafasi yake ni Shingrix ya kampuni ya GSK, iliyoidhinishwa Marekani Oktoba 2017. Katika majaribio yake ilizuia zaidi ya asilimia 90 ya ugonjwa kwa wenye miaka 50 na zaidi. Haina virusi hai, hivyo inaweza kutolewa hata kwa wenye kinga dhaifu. Hutolewa kwa sindano mbili, ya pili miezi miwili hadi sita baada ya ya kwanza.

Swali ni nani analipa. Uingereza serikali ilianza kuwachanja wazee bila malipo mwaka 2013, na tangu Septemba 2023 wanaotimiza miaka 65 huchanjwa. Marekani, tangu Januari 2023, wazee walio katika bima ya dawa ya Medicare hawatoi chochote mfukoni. Hapa nchini chanjo zinazotolewa bure ni zile za mpango wa taifa, kama surua, polio, nimonia na ile ya wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Nyingi ya hizo husaidiwa na mfuko wa kimataifa wa Gavi. Ya mkanda wa jeshi haimo katika mpango huo, hivyo anayeitaka hulipa mwenyewe.

Marekani asiye na bima huuziwa sindano moja kwa karibu dola 200. Tukichukua sh. 2,500 kwa dola, ili kurahisisha hesabu, sindano mbili ni sh. 1,000,000 kabla ya usafirishaji na faida ya muuzaji. Msimu wa 2018/19 serikali iliponunua korosho kwa sh. 3,300 kwa kilo ya daraja la kwanza, kiasi hicho kilikuwa sawa na kilo 303. Kwa mwenye lori mbili si fedha ya kutisha. Kwa mwenye kibanda cha rejareja ni mtaji mzima.

Atakayeamua kulipa aulize mambo manne kabla ya kutoa fedha. Je, chanjo hiyo imesajiliwa na TMDA? Je, imehifadhiwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, tangu ilipoingia? Je, sindano ya pili imehakikishwa, na nauli yake imehesabiwa? Na je, siku inayopangwa iko mbali na siku ya mnada? Mkono kuuma, homa na uchovu kwa siku mbili au tatu ni jambo la kawaida. Chanjo inayonunuliwa mjini na kusafirishwa ndani ya begi kwa basi hadi Nachingwea ni fedha iliyotupwa.

SAA 72

Kwa wasiomudu milioni moja, dawa ipo. Asaiklovia ni dawa ya siku nyingi inayotengenezwa na viwanda vingi. Hupunguza muda wa upele na ukali wa maumivu, ikianza ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokeze. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba. Kwa vidonge vya miligramu 200 hiyo ni jumla ya vidonge 140. Ulizia bei ya kidonge kimoja, zidisha mara 140, nawe utajua akiba ya kuweka. Dawa iandikwe na mganga, maana mwenye figo dhaifu hupewa kipimo kidogo zaidi.

Upele ukiwa usoni karibu na jicho, usingoje hata hizo saa 72. Fika hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo, na ukielekezwa Ndanda, Nyangao au Lindi mjini, nenda, kwani jicho laweza kupofuka.

Kinachowachelewesha wengi ni aibu. Tangu miaka ya 1980 mkanda wa jeshi kwa kijana ulijulikana kuwa moja ya dalili za mwanzo za maambukizi ya VVU, na jina hilo baya limebaki. Kwa mzee, umri pekee unatosha kuuleta. Kwa kijana, kupima ni busara, na dawa za kufubaza VVU zimekuwa zikitolewa bure nchini tangu 2004. Wapo pia wanaoamini kuwa mkanda ukizunguka na kukutana mtu hufa. Kwa kawaida upele huishia katikati ya mwili, na muda unaopotea kwa kuuchunguza ndio muda wa dawa.

BIMA NA MSIMU

Chini ya CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018, kaya ya watu hadi sita ilichangia sh. 30,000 kwa mwaka. Kwa bei ile ile ya sh. 3,300, hizo ni kilo tisa na ushee za korosho. Mwaka 2023 ilitungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, hivyo kabla ya kulipa ulizia halmashauri kiwango kinachotumika, na kama rufaa na dawa za kuzuia virusi zimo katika kitita.

Kwa mwenye mtaji mdogo, basi, mpangilio ni huu. Bima ilipwe wiki ile ile malipo ya mnada yanapoingia benki, kabla fedha haijapata majina mengine. Akiba ya vidonge 140 na nauli iwekwe kando, isiguswe kwa ajili ya mzigo wa duka. Chanjo ifuate kwa mwenye uwezo, hasa aliyevuka miaka 50 au mwenye kinga dhaifu. Anayeanza na bima na akiba amejikinga dhidi ya kangomba pia.